Kuchagua SSD ya Kompyuta ya Nyumbani: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki Nakuru

Meza yangu ya ufundi iko Nakuru mjini, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Kabla ya hapo nilikaa Kisumu miaka kadhaa, upande wa Kibuye, nikitengeneza mashini za shule na za saiba. Maswali haya ya SSD, diski ya chipu inayochukua nafasi ya hadidiski, huniandama kote kote, na mengine huja kwa simu saa nne usiku. Nimeyajibu hapa kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani: barua, intaneti, kazi za shule, iTax, picha za familia, filamu mbili tatu. Anayehariri video kwa riziki yake ana mahitaji mengine.

Laptopu yangu inachukua dakika nne kuwaka. Nitie SSD au nitafute nyingine?

Hakikisha kwanza kwamba diski ndiyo yenye makosa. Washa mashini, iache itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ikiwa pale kwenye Disk panasoma 100% na wewe hujafungua chochote, na ukiingia Performance unaona neno HDD, yaani hadidiski, umemshika mwizi. Lakini ikiwa Memory ndiyo iliyojaa hadi tisini na kitu, unachokosa ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi. SSD itakupunguzia maumivu tu, haitakuponya. Mashini ya RAM ya GB 4 huwa nashauri ipandishwe iwe 8 siku hiyohiyo tunapobadilisha diski, kwa sababu mfuniko umeshafunguliwa.

Hadidiski ni mashini ya chuma kwa kweli. Ndani mna sahani inayozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 11. Kichwa kinasogea hadi kwenye njia yake, kisha kinangoja data ipite chini yake. Kila faili ndogo hula milisekunde 10 hadi 20, na Windows ikiwaka inaita maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika. SSD haina sahani wala mkono. Huifikia data kwa sehemu moja ya kumi ya milisekunde, mara nyingi chini ya hapo.

Nilimwekea mwalimu mmoja wa Njoro SSD ya GB 240 kwenye laptopu ambayo tayari alikuwa ametangaza anaiuza. Alipoiwasha mara ya kwanza mezani pangu aliinua kikombe chake cha chai, kama alivyozoea, akageuka dirishani. Aliporudisha macho skrini ilikuwa inangoja paswadi. Akaniuliza, "Sasa fundi, chai yangu nitakuwa nainywa saa ngapi?" Laptopu bado anayo.

SSD ni sawa na flashi?

Ni ndugu. Zote huhifadhi data kwenye chipu za NAND, teknolojia iliyotolewa na Toshiba mwaka 1987. Tofauti kubwa ni kidhibiti, ile chipu inayoamua data ikae wapi, isambaze uchakavu vipi na irekebishe makosa vipi. Ya SSD ina akili nyingi, ya flashi ya kawaida ina kidogo. Ndiyo maana Windows ikiendeshwa kutoka kwenye flashi husuasua.

Nitajuaje SSD inayoingia kwenye mashini yangu?

Hapa ndipo pesa za watu wengi hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

SSD za nyumbani huja kwa maumbo mawili makuu. La kwanza ni kijisanduku bapa cha inchi 2.5, ukubwa uleule wa hadidiski ya laptopu, chenye plagi ya SATA, ileile ya hadidiski. Kama laptopu yako ina hadidiski ndani, karibu kila mara hiki kitaingia mahali pake bila ugomvi. SSD zenyewe huwa na unene wa milimita 7. Hadidiski za zamani nyingi zilikuwa 9.5, kwa hiyo ikitikisika tia ile fremu ya plastiki inayokuja kwenye boksi. ThinkPad T450 na X250 zilizojaa mjini hutumia hii. MacBook Pro ya 2012 isiyo ya Retina pia.

La pili ni M.2, kibao kirefu mfano wa kipande cha ubani wa kutafuna, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Ukubwa wake huandikwa kwa tarakimu nne: 2280 maana yake upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Zipo pia 2242 na 2230. Ya 2280 haitaingia penye nafasi ya 2242, hata umwombe fundi vipi.

Sasa mtego wenyewe. M.2 ni jina la umbo, halikuambii lugha inayozungumzwa. Nyingine huzungumza SATA, nyingine NVMe, lugha mpya yenye kasi zaidi, na ukizilaza mezani zinafanana kama mapacha. Tazama meno. Upande wa kuchomeka una mapengo, kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili. Pengo moja, kwa kawaida, ni NVMe. Mapengo mawili, mara nyingi ni SATA, ingawa zipo NVMe chache zenye mawili. Kwa hiyo usiishie kwenye meno, soma na stika. Tundu la mashini linaweza kukubali moja tu, au zote mbili. HP EliteBook 840 G3, ile iliyoletwa kwa makontena kutoka Uingereza na kuuzwa kama Ex-UK, inakubali zote mbili, na juu ya hapo ina nafasi ya inchi 2.5. Ni mashini niipendayo kwa sababu hiyo.

Jumamosi moja kijana alikuja kutoka Free Area na NVMe mpya mfukoni, bado iko kwenye plastiki. Laptopu yake ilikuwa na tundu la M.2 la SATA peke yake. Alikuwa ameshaisukuma nyumbani kwa nguvu, na pini mbili za tundu zilikuwa zimelala. Nilizisimamisha kwa ncha ya sindano chini ya lenzi, dakika arobaini nikiwa nimeshika pumzi. Swali la bure kabla ya kununua lingemwokoa.

Zingatia na hizi pia. Laptopu ndogo za bei nafuu, kama HP Stream, huwa na hifadhi ya eMMC ya GB 32 au 64 iliyochomelewa kwenye ubao. Aghalabu hakuna cha kubadilisha. MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina plagi yao wenyewe, zinahitaji adapta. Za kuanzia 2018 hifadhi imechomelewa. Na kompyuta za mezani za kabla ya 2014 hivi, hata ukipata kadi ya kuchomekea NVMe, nyingi hazitawaka kutoka kwayo kwa sababu BIOS, programu ya ubao inayowasha mashini, haiitambui. Hizo zipe SATA, ziache zizeeke kwa heshima.

Njia ya uhakika: geuza mashini, soma modeli kamili chini yake, tafuta mwongozo wake wa huduma mtandaoni. Ukishindwa, ipige picha ikiwa imefunguliwa umtumie muuzaji kabla hajapokea M-Pesa yako.

NVMe ina kasi mara sita ya SATA. Kwa nini nisichukue hiyo moja kwa moja?

Ichukue, kama tundu lako linaikubali na bei zinakaribiana, na siku hizi mara nyingi zinakaribiana. Ila usiilipie zaidi kwa sababu ya tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi.

Tarakimu zenyewe ni za kweli. SATA hukomea kama megabaiti 550 kwa sekunde. NVMe ya PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data kwenye ubao, na tarakimu ni toleo lake) hufika 3,500, ya 4.0 hufika 7,000, na za 5.0 zimepita hapo kwa mbali. Lakini kasi hiyo ni ya faili moja kubwa inayosomwa mfululizo. Kufungua Word, kuingia eCitizen, kuwasha Windows, hizo ni faili ndogondogo, na hapo tofauti kati ya SATA na NVMe utaihesabu kwa sekunde moja au mbili. Anayetoka kwenye hadidiski kwenda SATA anahama dunia. Anayetoka SATA kwenda NVMe anahama kiti. Tuktuk hata ukiipa injini ya lori, pale Kondele itasimama kwenye foleni kama nyingine.

Na ya 7,000 ukiitia kwenye laptopu ya PCIe 3.0 itafanya kazi vizuri kabisa, kwa 3,500. Nusu ya uliyolipia inalala.

Ninunue gigabaiti ngapi?

Mashini ya kuandikia barua na intaneti tu: 240 au 256. Mashini ya familia: 480 au 500, na hapa sibishani. Windows 11 inasema inataka angalau GB 64, lakini hiyo ni nafasi ya kusimama, si ya kuishi. Ongeza Office, sasisho za Windows, folda ya WhatsApp, video ya harusi ya shangazi iliyoletwa kwa flashi ikiwa na GB 30 peke yake. Diski ya 240 imejaa kabla ya Krismasi.

Gawanya bei kwa gigabaiti kabla ya kuamua. Mara nyingi utaona ya 480 haifiki bei ya mbili za 240, na ya GB 120 ndiyo ghali kuliko zote ukiihesabu hivyo. Bei zenyewe sitaziandika. Zinapanda na kushuka kiasi kwamba ukurasa huu ungekuwa uongo kufikia mwezi ujao.

Usijaze hadi juu. SSD inahitaji nafasi tupu ya kupangia mambo yake ya ndani, na ikibanwa hupunguza mwendo. Acha kama sehemu moja ya tano wazi.

Nimenunua 500 na Windows inaonyesha 465. Nimeibiwa?

Hapana. Kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024 lakini inaandika neno lilelile GB. 240 itasoma 223, terabaiti 1 itasoma 931. Ukiona 500 inasoma 118, hapo piga kelele.

TLC, QLC, DRAM. Muuzaji ananitajia haya nabaki nimeduwaa.

TLC huweka biti 3 katika kila seli, QLC huweka 4. Kadiri seli inavyobeba biti nyingi ndivyo bei inavyoshuka, na ndivyo kuandika kunavyokuwa kwa polepole na seli inavyochoka mapema. Zote mbili hujificha nyuma ya sehemu ndogo ya haraka inayopokea data kwanza. QLC ukiimiminia faili kubwa sana kwa mkupuo, sehemu hiyo hujaa na mwendo unaweza kushuka hata chini ya hadidiski. Kwa nyumba utaliona jambo hilo siku moja tu, ile ya kuhamisha picha zote.

DRAM ni kumbukumbu ndogo ya kidhibiti kutunzia ramani ya data. SSD za bei ya chini hazina. Kwenye NVMe si neno, kwani zinaazima kidogo kutoka RAM ya kompyuta. Kwenye SATA tofauti ipo: Samsung 870 EVO inayo, Kingston A400 na Crucial BX500 hazina. Nimeweka A400 nyingi kwenye mashini za nyumbani na wenye nazo wameridhika. Ukiwa na akiba, TLC yenye DRAM. Usipokuwa nayo, usikose usingizi.

Nimesikia SSD huchakaa. Itaishi miaka mingapi?

Huchakaa kwa kuandikwa, kusomwa hakuidhuru. Kiwanda hutaja kikomo kiitwacho TBW, terabaiti zinazoweza kuandikwa chini ya waranti. A400 ya GB 480 ina 160. 870 EVO ya terabaiti 1 ina 600. Chukua hiyo 160: ukiandika GB 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa nyumba ya kawaida, utahitaji siku 8,000 kufika kikomo. Karibu miaka 22. Laptopu yenyewe itakuwa imeshaliwa na kutu.

SSD nilizozika mimi hazikufa kwa kuchakaa. Zilikufa kwa kidhibiti kuharibika, na hicho kifo ni cha ghafla. Hadidiski hukuaga: hugonga, hukwaruza, husinzia wiki mbili, ukapata muda wa kuokoa vitu. SSD jana ilikuwa mzima, leo BIOS haiioni. Na kuirudishia data ni kazi ya maabara, tena mara nyingi haiwezekani, kwani faili ukiifuta amri ya TRIM huiambia SSD ifagie mahali pale kabisa. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa na picha za marehemu babu viwe mahali pawili. Hadidiski yako ya zamani ikiwa nzima, hiyo ndiyo kazi yake mpya, nitaieleza chini.

Stima hupotea kila mara kwetu. Itaiua?

Inaweza, na hili ni swali la watu wa huku hasa. SSD za ofisi kubwa zina kapasita za kuihifadhi sekunde ile umeme unapokatika. Za nyumbani nyingi hazina. Stima ikikatika wakati kidhibiti kinaandika ramani yake, ramani inaweza kuharibika, na SSD yenye ramani mbovu ni kama posta iliyopoteza orodha ya masanduku: barua zipo, hakuna ajuaye za nani.

Mwenye laptopu yenye betri nzima hana shida. Laptopu yenye betri iliyokufa, inayoishi kwa chaja tu, ihesabu kuwa kompyuta ya mezani. Kompyuta ya mezani inunulie UPS, kisanduku cha betri cha akiba, hata ile ndogo ya dakika tano, muda wa kuzima kwa adabu. Kati ya SSD ya bei ya juu bila UPS na ya kawaida yenye UPS, mimi nachagua ya pili bila kufikiri.

Ngurumo ni habari nyingine. Walioko Kisii na Kakamega wanajua ninachosema: saa tisa alasiri mawingu yamejifunga, mtoto bado anacheza gemu. Hakuna UPS ndogo ya kuaminiwa mbele ya radi. Chomoa plagi ukutani, na waya wa intaneti pia. Kisumu nilipokea mashini tatu kwa siku moja baada ya radi kupiga Nyalenda, na zote mbili zilizokuwa na waya wa mtandao zilikuwa zimeungua kuanzia kwenye tundu hilo.

Nitatambuaje SSD feki?

Kwa kuumia, kama mimi, au kwa kupima.

Mwaka wangu wa pili wa biashara niliagiza SSD 10 za GB 480 kutoka kwa muuzaji mmoja, kwa bei iliyokuwa chini kidogo ya wenzake. Boksi safi, stika imenyooka, hata hologramu ya kung'aa ipo. Ya kwanza niliiweka kwenye kompyuta ya mama mwenye saluni. Windows ikaingia, ikawaka kwa kasi, tukaagana vizuri. Wiki ya tano akarudi na picha za wateja wake: nusu ya juu nywele zimesukwa, nusu ya chini kijivu kitupu. Nyingine hazikufunguka. Nilipima, nikakuta chipu halisi ni za GB 120. Programu ya ndani ilikuwa imefundishwa kudanganya kuwa 480, na zilipojaa 120 ikaanza kuandika mapya juu ya ya kale. Mama nilimrudishia pesa na kumpa nyingine. Muuzaji simu yake haikuingia tena.

Tangu siku hiyo kila SSD inayoingia hapa hupimwa kabla ya kuwekwa. Ichomeke kwa adapta ya USB, endesha H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizi hujaza diski yote kisha husoma zilichoandika. Inachukua saa moja au zaidi, na haidanganyiki. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, uone saa ilizowashwa na data iliyokwisha kuandikwa. SSD "mpya" yenye saa 9,000 imeshafanya kazi mwaka mzima mahali fulani.

Usihukumu kwa uzito wala kwa kufungua ganda. Nimeona watu wakishtuka kukuta kibao kidogo ndani ya kijisanduku kikubwa. Hata za halali ziko hivyo, chipu za siku hizi ni ndogo. Lakini ile ya nje ya "16TB" inayouzwa kwa bei ya viatu, hiyo sina haja ya kuipima. Nimefungua mbili. Ndani mlikuwa na kadi ya microSD na gundi ya moto.

Vipi SSD za mitumba?

Ikitoka kwenye laptopu ya Ex-UK na CrystalDiskInfo inaonyesha afya asilimia 90 na zaidi, sina tatizo nayo kwa bei ya haki. Chini ya 70 ninaiacha. Isiyo na stika ya modeli siigusi.

Ninunue hapa au niagize Nairobi?

Luthuli Avenue ni rahisi kidogo, basi litaileta kesho yake. Lakini ikiwa mbovu utalipa nauli ya kurudi, na utabishana kwa simu. Tofauti ikiwa ndogo, nunua kwa mtu unayeweza kusimama mbele ya kaunta yake. Dai risiti yenye namba ya utambulisho (serial) ya SSD, si "SSD 1" tu. Waranti ya kiwanda huwa miaka 3 au 5, ila bila namba hiyo ni hadithi.

Windows na vitu vyangu vitahamaje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima kama ilivyo. Kingston, Crucial na Samsung hutoa programu ya bure ya kazi hiyo kwa wanaonunua diski zao, na Clonezilla ni ya bure kwa yeyote, ingawa sura yake inatisha. SSD ikiwa ndogo kuliko diski ya zamani, punguza vitu kwanza. Njia ya pili ni kuweka Windows upya kisha kurudisha faili. Mashini iliyojaa programu za ajabu ajabu naisafisha hivyo. Kunakili ni kuhamia nyumba mpya na kunguni wako.

Kabla ya lolote, tafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski. Laptopu nyingi za sasa hufunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua. Hili nililipia mwenyewe. Nilibadilisha kitu kimoja kwenye BIOS ya laptopu ya mzee mmoja wa Lanet kabla ya kumuuliza, skrini ikageuka buluu ikidai tarakimu 48. Mzee akanitazama. Akaunti ya Microsoft alifunguliwa na mwanawe, na mwanawe yuko Qatar, zamu ya usiku, amelala. Tulikaa hadi saa kumi na moja jioni, mzee akinisimulia habari za kilimo cha pareto, ndipo kijana akaamka akatuma namba kwa WhatsApp. Siku hizi hilo ndilo swali langu la kwanza, hata kabla ya salamu kuisha.

Naweza kuiweka mwenyewe?

Ya inchi 2.5, ndiyo, ukiwa na bisibisi ndogo ya nyota na subira. Zima kabisa, chomoa chaja, ikiwa betri inatoka itoe. Gusa kitu cha chuma kabla ya kugusa ubao. Chomoa diski kwa kuivuta kando kwenye plagi yake, usiinyanyue.

M.2 huingia kwa mshazari wa kama nyuzi 30, kisha unaibonyeza ilale na kuifunga kwa skrubu moja ndogo kuliko punje ya mtama. Skrubu hiyo mara nyingi haiji na SSD. Tazama kama ipo kwenye mashini kabla ya kuanza, na ukiidondosha kwenye zulia sali. Usifunge kwa selotepu; joto huilegeza, kibao kikainuka, na utaniletea mashini ukisema SSD imekufa.

Isipoonekana kwenye Windows baada ya kuiweka, usiogope. SSD mpya ni tupu, ifungue kwenye Disk Management uipe muundo na herufi.

Nifanye defragi, ile kazi ya kuunganisha vipande vya faili, kila mwezi kama zamani?

Hapana. Inaongeza uchakavu na haileti faida. Windows inajua ni SSD na hutuma TRIM yenyewe.

Mashini yangu ni ya Windows 10. Kuna haja?

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na SSD haitaifanya prosesa ya zamani ikubalike kwenye Windows 11, ambayo inataka Intel ya kizazi cha 8 na zaidi pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ya mashini. Lakini SSD unaweza kuihamishia mashini utakayonunua baadaye, haipotei. Na laptopu ya 2013 yenye SSD, RAM ya GB 8 na Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ninayo hapa mezani. Ndiyo niliyoandikia haya.

Hadidiski iliyotoka niitupe?

Usiitupe. Nunua ganda la USB, uitie ndani, iwe ghala la picha. Ukiwa na ghala la hadidiski kabatini uko salama kuliko la SSD: SSD isiyopewa umeme muda mrefu huanza kusahau. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD ya kawaida iliyofika kikomo chake cha kuandikwa ni kushika data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30, na Kisumu nyuzi 30 ni mchana wa kawaida. Mpya hushika zaidi ya hapo, ila sitaki ujaribu na picha za harusi yako.

Ukiamua kuiuza, ifute kwanza kwa programu ya kuandika juu, si kwa kuitupia faili kwenye Recycle Bin. Nimeshanunua hadidiski za mitumba pale sokoni zikiwa na vitambulisho vya watu.

Nikileta mashini nitaingoja?

Kubadilisha ni dakika kumi. Kunakili ndiko kunakokula siku: hadidiski nzima yenye GB 300 inaweza kumaliza kwa saa mbili, yenye sehemu mbovu tumewahi kuiacha ilale hapa. Njoo asubuhi, leta chaja, paswadi, na namba ya yule mwanao aliyefungua akaunti ya Microsoft.